Kutibiwa viungo kwa njia ya simu: nani ameshika simu, nani anajibu, nani atakuja?

Mazungumzo mbele ya familia zilizohama makwao, familia zinazowapokea na viongozi wa kata, Beni, Kivu ya Kaskazini

Tunaona kwamba wengine wamefika hapa kwa magongo, na wengine wamebebwa na watoto wao. Hatutawachelewesha kwa maneno mengi.

Wahenga walisema: fimbo ya mbali haiui nyoka. Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya fimbo ya mbali, na fimbo hiyo ni simu. Tangu vita vilipokata barabara zetu, sisi na wenzetu wengi tumekuwa tukiwasaidia watu waliokatwa miguu, waliovunjika mifupa, waliopooza au waliozaliwa na ulemavu, kwa kuzungumza nao kwa simu, kutazama picha na video zao, na kuwaeleza mazoezi ya kufanya. Kazi hii ya kumrudishia mtu nguvu za viungo vyake, ili aweze tena kutembea, kulima, kupika na kwenda chooni bila kubebwa, inaitwa utengamao. Mtaalamu wake, wengi wetu tunamwita kine.

Tuseme tangu mwanzo: kazi hii ya simu ni nzuri na imewasaidia watu. Lakini imeleta maswali ambayo hatukuyafikiria tulipoianza. Ni maswali ya siri, ya haki na ya sheria. Pahali fulani sisi wenyewe tulikosea. Tumekuja kuwaeleza namna tulivyokosea, sheria ya nchi yetu inasema nini, na maswali gani kila mmoja wenu ana haki ya kuuliza kabla ya kukubali kutibiwa na mtu aliye mbali.

Kwa nini tunatumia simu?

Sababu mnaifahamu. Kwa miaka mingi mtu wa Kivu ya Kaskazini aliyehitaji mguu bandia alikwenda Goma, kwenye kituo cha Shirika la Umoja, ambacho kinasaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Mtu wa Kivu ya Kusini alikwenda Heri Kwetu, Bukavu. Mwezi wa kwanza 2025 mji wa Goma uliingia mikononi mwa M23 na uwanja wa ndege ukafungwa. Mwezi wa pili kambi kubwa zilizouzunguka mji zilivunjwa, na watu wakatawanyika. Wengine walirudi kwenye vijiji vyao, wengine walizunguka kupitia Uganda mpaka Kasindi na kufika huku kwetu. Barabara ya Goma hadi Beni, zaidi ya kilomita 300, ikawa imekatwa na mstari wa mapigano.

Sasa fikirini mtu aliyepewa mguu bandia Goma mwaka 2024. Mguu bandia haununuliwi mara moja kwa maisha yote. Mtu mzima anahitaji mwingine kila baada ya miaka 3 hadi 5. Mtoto anayekua anahitaji mwingine kila baada ya miezi 6 hadi 12. Tena, katika mwaka wa kwanza baada ya kukatwa, kigutu, yaani sehemu ya mguu iliyobaki, hupungua unene. Kikombe cha mguu bandia kilichomkaa vizuri mwanzoni kinalegea, kinaanza kumchubua, na mwisho kinaleta kidonda. Mtu huyo amekimbia na mguu wake, lakini aliyemtengenezea mguu amebaki ng'ambo ya vita.

Wataalamu wa kazi hii nao ni wachache. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba katika baadhi ya nchi zenye kipato kidogo na cha kati, hawafiki 10 kwa kila watu milioni moja. Kwa hiyo simu ilikuja kwetu kama daraja la miti: halitoshi kwa lori, lakini mtu wa miguu anavuka. Shida ni kwamba tulilivuka kwa haraka bila kulikagua.

Habari ya mama mmoja

Mama mmoja alituruhusu tuwaeleze habari yake bila kutaja jina lake wala kijiji chake. Alipoteza mguu kwa bomu mwaka 2024. Alipata mguu bandia, akajifunza kutembea, kisha akakimbia na watoto wake hadi huku. Baada ya miezi michache kigutu chake kilianza kuuma. Tulimpata kine anayeijua kazi hiyo, lakini alikuwa mbali. Tukamwomba mama atume picha za kigutu chake na video fupi akitembea.

Mama hakuwa na simu ya kupiga picha. Aliazima ya jirani. Kine alizitazama picha, akaona alama nyekundu, akamwambia aongeze soksi ya pili ya kigutu, asitembee mwendo mrefu kwa wiki moja, na kila jioni akague ngozi yake kwa kioo. Maumivu yalipungua. Tulifurahi, tukaandika katika taarifa yetu kwamba kazi imefaulu.

Lakini picha zilikuwa zimebaki katika simu ya jirani. Kijana wa nyumba ile alizionyesha kwa wenzake, mmoja akazipeleka katika kundi la WhatsApp. Katika siku tatu maneno yalikuwa yamegeuka: eti mama yule si mkimbizi, ni mke wa mpiganaji, eti jeraha lake ni la vitani. Mnajua neno la namna hiyo linaweza kuzaa nini katika kata yenye hofu. Watoto wake waliacha kwenda kuchota maji. Yeye mwenyewe alikaa ndani, na mazoezi yake yakakoma.

Tunamshukuru chefu wa kata ile. Aliita wazee, akaita vijana, akawaambia kwamba mtu asiyejua chanzo cha jeraha afunge kinywa chake, na picha zikafutwa mbele yake. Sisi tulikwenda kuomba radhi. Tulimwomba radhi mama kwanza, kisha jirani, kwa kuwa naye tulimbebesha siri ya mtu bila kumwambia kwamba ni siri.

Kosa hilo lilikuwa letu. Tulimuuliza mama mambo mengi juu ya mguu wake, lakini hatukumuuliza simu ni ya nani. Kutokana na kosa hilo tumejifunza maswali matatu.

Swali la kwanza: nani ameshika simu?

Wahenga walisema: siri ya mtungi aijuaye kata. Katika hospitali, mganga anafunga mlango. Katika simu, hakuna mlango. Kuna mwenye simu, kuna mwenye chaja, kuna mtoto anayetafsiri, kuna watu wanaosikia upande wa pili wa turubai, na kuna askari wa bariyeri anayesema, "Fungua simu nione."

Siri ya mgonjwa si zawadi ambayo shirika linampa mtu. Ni haki yake katika sheria. Katiba ya nchi yetu, ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika kifungu cha 31, inampa kila mtu haki ya kuheshimiwa katika maisha yake ya binafsi, na haki ya siri ya barua na mawasiliano yake. Kanuni ya adhabu ya Kongo, katika kifungu cha 73, inamwadhibu mtu anayetoa siri aliyoaminiwa kwa sababu ya kazi yake, na adhabu hiyo inaweza kuwa kifungo. Mwaka 2023, tarehe 13 mwezi wa tatu, nchi ilipata Kanuni ya mambo ya kidijitali, ambayo inalinda habari za mtu zinazowekwa katika simu na kompyuta. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambao Kongo ilijiunga nao mwaka 2015, katika kifungu cha 22 unazitaja wazi habari za afya na za utengamao: zilindwe kwa mtu mwenye ulemavu sawasawa na kwa watu wengine.

Kwa hiyo, mama na baba, mtu akikuomba picha ya mwili wako, una haki ya kumuuliza: Picha hii itakaa wapi? Nani ataitazama? Itafutwa lini? Je, ninaweza kufunika uso wangu? Kwa kweli, kine anayetazama goti hahitaji uso. Hahitaji kuona jina la kambi nyuma yako, wala watoto wako, wala mlango wa nyumba yako.

Hata mashirika makubwa hayana ukuta usiovunjika. Mwezi wa kwanza 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba kompyuta zenye habari za watu zaidi ya 515,000 zilivamiwa na watu wasiojulikana. Wengi wa watu hao walikuwa wametengana na familia zao kwa sababu ya vita, uhamaji au majanga. Kamati ilitoa habari hiyo waziwazi, na hilo lilikuwa jambo la haki. Somo kwetu sisi wadogo ni hili: habari ambayo hukuikusanya haiwezi kuibiwa. Tuchukue kidogo, tutumie, tufute.

Kuna jambo jingine la picha. Mashirika yanapenda picha za "kabla na baada", ili wafadhili waone kazi. Kukubali kutibiwa si kukubali kutangazwa. Ni ruhusa mbili tofauti, na shurti uulizwe mara mbili. Ukikataa ya pili, ya kwanza haipungui hata kidogo.

Juu ya wanaotafsiri tunaongeza neno moja. Kine mara nyingi anasema Kifaransa, mgonjwa anasema Kinande, Kihunde au Kinyarwanda, na mtoto wa shule anaitwa kutafsiri. Mama aliyejeruhiwa katika sehemu za siri, anayehitaji mazoezi ya kurudisha nguvu za nyonga, hawezi kueleza habari hiyo kupitia kinywa cha mwanawe. Shurti atafutwe mtafsiri mzima, ambaye mgonjwa mwenyewe amemkubali, na ambaye amefundishwa kwamba siri inamfunga naye pia.

Swali la pili: nani anajibu?

Kijana mmoja aliyekatwa mguu chini ya goti alikuwa akifanya mazoezi ya kusimama kwa kuongozwa na simu. Kine alimwona kuanzia kiuno kwenda juu. Hakuiona sakafu. Ilikuwa ya udongo, na usiku ule mvua ilikuwa imenyesha. Kijana alianguka juu ya kigutu chake, kikapasuka. Alipoulizwa alisema, "Ni kosa langu, sikuangalia."

Hapana. Mgonjwa anafuata. Anayeongoza ndiye anayepaswa kuuliza juu ya sakafu, juu ya pahali pa kushikilia, juu ya mtu wa kusimama kando. Umbali haupunguzi wajibu wa mtaalamu. Unauongeza, kwa sababu asichokiona shurti akiulize.

Sheria gani inamhusu mtaalamu aliye mji mwingine au nchi nyingine? Vyama vingi vya wataalamu wa afya vinafuata wazo hili: tiba inahesabiwa kutolewa pale alipo mgonjwa. Mgonjwa akiwa Beni, sheria ya Kongo inamlinda, hata kama sauti inatoka Nairobi, Bruxelles au Montréal. Mtu mwenye diploma ya Ulaya hapati kwa diploma hiyo ruhusa ya kutibu watu wa Kongo. Shurti awe na ruhusa ya kufanya kazi hapa, au ampe ushauri mtaalamu wa hapa mwenye ruhusa, na huyo wa hapa ndiye anayeamua na kujibu. Sisi tumechagua njia hii ya pili. Kine wa mbali anashauri, lakini kila mgonjwa ana mtu mmoja wa karibu, mwenye jina na mwenye sura, ambaye anaandika katika daftari kilichosemwa na kilichofanyika, na ambaye familia inajua pa kumkuta.

Kwa hiyo, kabla ya kuanza, una haki ya kuuliza: Unaitwa nani? Ulisomea nini na wapi? Nani amekuruhusu? Nikiumia kwa kufuata maneno yako, nitamwendea nani? Nani atalipa matibabu yangu? Mtu asiyeweza kujibu maswali hayo asishike mguu wako, hata kwa maneno.

Msione haya kuuliza. Tunajua katika maisha ya ukimbizi watu wanaogopa kuuliza. Shirika linaloleta mazoezi ya simu mara nyingine ndilo linaloleta unga na sabuni. Mtu anajisemea moyoni: nikikataa, jina langu litatoka katika listi. Basi anasema ndiyo kwa kinywa, lakini moyo umesema hapana. Ndiyo ya namna hiyo si ruhusa. Mtu hajaruhusu mpaka ameelezwa kwa lugha yake faida, hatari na njia nyingine iliyopo. Mpaka ameweza kurudia kwa maneno yake mwenyewe yale aliyoelezwa. Na mpaka anajua kwamba hapana yake haitapunguza chakula chake wala nafasi ya mtoto wake shuleni. Alama ya kidole gumba juu ya karatasi asiyoweza kuisoma haitoshi.

Kwa mtoto, mzazi au mlezi ndiye anayekubali, lakini mtoto naye aulizwe kadiri ya umri wake. Mtoto aliyetengana na wazazi vitani asitibiwe kwa ruhusa ya yeyote aliyekuwa karibu siku hiyo. Aitwe anayehusika na ulinzi wa watoto, na familia inayomlea ishirikishwe.

Swali la tatu: nani atakuja?

Simu inaweza mambo mengi. Inaweza kumkumbusha mtu aliyekatwa mguu kwamba asiweke mto chini ya goti akilala, kwa sababu goti litakazana na mguu bandia hautaingia. Inaweza kumfundisha mke wa mtu aliyepooza kumgeuza kila baada ya saa mbili, ili asipate vidonda vya kulalia. Inaweza kumwambia mtu kwamba wekundu wa kigutu usioisha dakika 20 baada ya kuvua mguu bandia ni onyo. Inaweza kumtia moyo mtu ambaye ameacha mazoezi kwa sababu ya huzuni.

Lakini hakuna simu inayofunga plasta. Hakuna simu inayopima kikombe cha mguu bandia, wala kugusa mfupa kujua kama umeunga. Mtoto aliyezaliwa na mguu uliopinda anahitaji mikono inayomnyoosha na kumfunga plasta wiki baada ya wiki. Anayesema atamnyoosha kwa video anawadanganya. Tena kuna dalili ambazo hazingoji: homa na usaha katika kidonda, mguu uliovimba na kuwa na moto na maumivu upande wa nyuma, kukosa pumzi ghafula, miguu iliyokufa ganzi ghafula, mtu kushindwa kuzuia mkojo wakati jana aliweza. Dalili hizo zikitokea, simu ni ya kuita usafiri tu.

Ndiyo maana swali la tatu ni gumu kuliko mengine: simu ikishindwa, nani atakuja? Na kama hakuna awezaye kuja, nani atampeleka mgonjwa? Sheria hainyamazi juu ya jambo hili. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya wakimbizi wa ndani, katika kanuni ya 19, zinasema kwamba waliojeruhiwa, wagonjwa na wenye ulemavu wapewe matibabu wanayohitaji kadiri iwezekanavyo na bila kucheleweshwa, na ubaguzi usiwepo ila ule wa sababu za kitabibu. Katiba yetu, kifungu cha 49, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya ulinzi wa pekee. Tangu tarehe 3 mwezi wa tano 2022 tuna hata sheria iliyotungwa kwa ajili ya kulinda na kuendeleza haki za watu wenye ulemavu. Kifungu cha 26 cha mkataba wa Umoja wa Mataifa tulioutaja kinataka huduma za utengamao ziwe karibu iwezekanavyo na pahali watu wanapoishi, hata vijijini.

Karibu na watu. Hapo ndipo hatari kubwa tunayoiona. Simu ni rahisi. Kituo chenye karakana, wataalamu na gari ni ghali. Ikiwa sisi mashirika tutaanza kusema, "Watu wa Beni wanatibiwa kwa simu, basi yatosha," tutakuwa tumeifanya simu kuwa kisingizio. Simu itumike mpaka mkono ufike, na tuendelee kuuomba mkono huo kwa serikali, kwa wafadhili, na kwa pande zote za vita zinazoweza kufungua njia kwa wagonjwa.

Yule mama tuliyewaeleza habari yake bado anasubiri kikombe kipya. Soksi ya pili ilimsaidia, ya tatu ilimsaidia kidogo, na ya nne haitamsaidia. Tumemwambia ukweli huo. Hatukumwambia kwamba mazoezi ya simu yatamtosha.

Jambo hili lahusu amani namna gani?

Pengine mtu anajiuliza kwa nini watu wa kazi ya amani wanazungumza juu ya vigutu na soksi. Jibu ni fupi. Vita vinaingia tena katika kata kupitia milango midogo, na jeraha ni mmoja wa milango hiyo. Watu wanataka kujua: alijeruhiwa na nani, alikuwa upande gani, kwa nini yeye anasaidiwa na sisi wenyeji hatusaidiwi.

Kwa swali la kwanza na la pili, anayetibu hana ruhusa ya kujibu. Mguu hauna upande. Raia atibiwe, aliyekuwa mpiganaji atibiwe, askari atibiwe, kila mmoja kadiri ya haja yake. Kwa swali la tatu wenyeji wana haki. Mwenyeji aliyepooza baada ya kuanguka kwa pikipiki anahitaji kine kama mkimbizi. Tukihudumia upande mmoja tu wa uzio, tumepanda ugomvi. Tangu sasa kazi yetu itapokea wote, waliohama na wanaowapokea.

Tunayoahidi, na tunayowaomba

Sisi tunaahidi mambo haya, na tunaomba kamati zenu zituulize kila baada ya miezi mitatu kama tumeyatimiza. Ahadi ni deni.

1. Simu za kazi hii zitakaa katika vituo vya afya, zimefungwa kwa ufunguo wa siri, na mgonjwa ataongea katika chumba. Hatutaomba tena picha kwa simu ya kuazima.

2. Hatumwanzi mtu kwa simu kabla hajaonwa na mtaalamu kwa macho na mikono angalau mara moja, ila pale njia zote zimekatwa. Na hapo tutamwambia wazi kwamba tunafanya kwa kukosa jingine.

3. Mgonjwa hatalipa inite wala mega za intaneti. Akiombwa pesa na yeyote kwa jina letu, aje kusema.

4. Kila mgonjwa atajua jina la mtu wa karibu anayejibu, na la kituo cha kwenda simu ikishindwa.

5. Madhara yakitokea, tutayaandika, tutayaeleza kwa familia, na tutagharamia matibabu yake. Hatutamwachia mgonjwa aseme, "Ni kosa langu."

Viongozi, tunawaomba ninyi mambo matatu. Msituombe listi ya majina ya watu tunaowatibu. Hatutaitoa, na tafadhali mtulinde pale wengine watakapotulazimisha. Picha ya mgonjwa ikionekana ikizunguka, izuieni mara moja kama alivyofanya chefu yule, kabla maneno hayajaota miguu. Na mnapokutana na wakubwa wa serikali na wa mashirika, semeni kwamba Beni inahitaji kituo chenye karakana na wataalamu, si simu peke yake.

Na ninyi wagonjwa na familia, tunawaomba jambo moja tu: ulizeni. Nani ameshika simu? Nani anajibu? Nani atakuja? Muulizeni daktari, muulizeni mgeni kutoka Ulaya, mtuulize sisi. Wahenga walisema kweli, fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini sauti ya mbali inaweza kumwonya aliye karibu, ikiwa aliye karibu yupo, na ana fimbo mkononi. Tufanye kazi pamoja ili asikosekane mtu huyo wa karibu.

Sasa ni zamu yenu kusema, nasi tutaandika. Amani iwe nanyi na nyumba zenu, zile mlizoziacha na hizi zinazowapokea.